Uzi: Jua halichagui rangi ya ngozi, tuanze na kivuli kabla ya losheni

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mimi ni mpima ardhi. Kazi yangu ni kusimama juani na chombo cha kupimia tangu asubuhi mpaka alasiri, na mwaka huu natimiza miaka kumi na saba. Muda wote huo niliamini jambo ambalo najua wengi humu mnaliamini: mtu mweusi hahitaji kujikinga na jua, losheni za jua ni za Wazungu, ngozi yetu imeumbiwa jua.

Mwaka jana jicho la kulia lilianza kunikereketa kama lina mchanga. Nikajitazama kwenye kioo, nikaona kijinyama chekundu kimeota kwenye kona iliyo upande wa pua, kinaisogelea mboni. Swali la kwanza la daktari wa macho lilikuwa kama nafanya kazi juani. Akanieleza kwamba jua la miaka mingi, likisaidiwa na vumbi na upepo, ndilo linaloleta kijinyama cha namna hiyo, na kwamba kikiachwa kinaweza kutambaa mpaka kikaziba kuona. Halafu akanishika sikio, akalikunja, akaitazama ngozi iliyokakamaa huko juu. Akasema kapelo ninayovaa inakinga paji la uso na pua tu. Masikio na shingo nimeviacha wazi miaka kumi na saba.

Nimerudi nyumbani nikiwa na hasira, si kwa daktari, ila kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Ndiyo maana nafungua uzi huu. Nitaeleza niliyojifunza, na wenye ujuzi kunizidi waongeze.

Kwanza, kinachoiharibu ngozi si joto. Ni mionzi ya urujuanimno (UV), ambayo jicho haliioni na mwili hauihisi. Kwa hiyo siku ya baridi yenye upepo unaweza kuungua vibaya kuliko siku ya joto, kwa sababu hakuna kinachokukumbusha kukimbilia kivulini. Mawingu mepesi yanaweza kupitisha mpaka asilimia 80 ya mionzi hiyo. Mchanga mkavu unairudisha usoni kama asilimia 15, povu la bahari kama 25, na theluji mpaka 80. Ukipanda mlima, kila mita 1,000 inaongeza kama asilimia 10. Hata ndani ya maji, nusu mita chini ya uso, bado inakufikia karibu asilimia 40.

Mionzi inayofika ardhini ni ya aina mbili. UVB ndiyo inayounguza na kuchubua. UVA, ambayo ni kama asilimia 95 ya yote, haiunguzi haraka lakini inazama ndani zaidi, inalegeza nyuzi za ngozi na kuleta mikunjo na mabaka. UVA inapita kwenye kioo cha kawaida cha dirisha. Mwaka 2012 jarida moja la tiba la Marekani lilichapisha picha ya dereva wa lori la mizigo, mzee wa miaka 69 aliyeendesha kwa miaka 28. Shavu la upande wa dirisha lilikuwa limekunjamana na kulegea kama la mtu aliyemzidi umri kwa mbali sana, na shavu la pili lilikuwa na hali nzuri. Kichwa ni kimoja na umri ni mmoja, tofauti ni dirisha. Madereva humu, kioo cha mbele kwa kawaida kina tabaka la katikati linalozuia sehemu kubwa ya UVA, lakini vya pembeni vingi havina.

Pili, kipimo ninachokitumia kila siku hakihitaji simu: kivuli changu. Kikiwa kirefu kuniliko, jua si kali sana. Kikiwa kifupi kuniliko, mionzi ni mikali, na jua likiwa la utosi hadi kivuli kikakusanyika miguuni, hapo ndipo pabaya zaidi. Wenye simu watazame programu ya hali ya hewa, kuna namba ya UV. Chini ya 3 huna haja ya hofu. Kuanzia 3 jikinge. 8 hadi 10 ni kali sana, na 11 kwenda juu ni ya kupindukia.

Tatu, nguo. Hapa nilijidanganya kwa miaka, maana nilikuwa nikivaa fulana nyeupe nyepesi. Fulana hiyo inakinga kiasi kidogo tu, na ikilowa jasho kinga yake inapungua tena. Kitambaa kinachokinga ni kile ambacho ukikiinua kwenye mwanga huoni nuru ikipenya kwenye nyuzi: kilichofumwa kwa kubana na chenye rangi iliyokolea. Ukubwa wa shati nao una kazi yake, shati pana la mikono mirefu linapitisha hewa na haliwi tanuri. Kofia iwe na ukingo wa sentimita 7 au zaidi kuzunguka kichwa kizima.

Miwani iwe imeandikwa UV400 au kwamba inazuia UVA na UVB kwa asilimia 100. Weusi wa kioo peke yake si kinga. Kioo cheusi kisicho na kinga kinamfanya mtu apanue mboni kwa ajili ya giza, na mionzi inaingia kwa wingi zaidi. Hili daktari alilirudia mara mbili.

Losheni nimeiacha mwisho makusudi. Nikipata muda nitarudi.

Msomaji_Makini

Mkuu, asante kwa uzi, na pole kwa jicho. Ila nina pingamizi. Watu weusi wamelima, wamevua na kuchunga juani tangu dunia iumbwe. Saratani ya ngozi ni nadra kwetu. Huoni kwamba tunatishwa ili tununue vichupa?

Mleta uzi

Ndugu yangu, swali lako ni la haki. Ni kweli saratani ya ngozi ni nadra kwa mtu mweusi ukimlinganisha na mweupe. Melanini, yaani ile rangi inayoifanya ngozi iwe nyeusi, inafanya kazi kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 1979 ulipima ngozi yenyewe na kuona kwamba ngozi nyeusi ina kinga ya SPF (kipimo cha kinga ya jua kinachoandikwa kwenye losheni) 13 na ushee, nyeupe 3 na ushee. Ni zawadi kubwa. Lakini 13 ni chini ya 30 inayopendekezwa kwa mtu anayeshinda nje, na melanini ya ngozi haiyafuniki macho.

Pia kuungua kwetu hakuonekani kirahisi. Mtu mweupe akiungua anakuwa mwekundu, sisi tunahisi ngozi ina moto, inauma ikiguswa na shati, inawasha, na baada ya siku chache inachubuka. Wengi tunasema "ngozi imekauka" tunapaka mafuta, kumbe tumeungua.

Kuhusu vichupa, soma tena nilichoandika. Kivuli hakiuzwi. Shati la mikono mirefu unalo tayari.

Halafu unadra wenyewe una hatari yake. Kwa kuwa hatuitegemei saratani hii, tunaifikisha hospitalini ikiwa imeshasambaa. Bob Marley aligundulika mwaka 1977 kuwa na melanoma, aina kali ya saratani ya ngozi, chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, akafariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36. Niseme ukweli wote: melanoma ya aina ile, ya nyayo, viganja na chini ya kucha, haisababishwi na jua. Losheni isingemwokoa. Lakini ndiyo aina ya melanoma inayoonekana zaidi kwa watu weusi, na kinachookoa ni kuiona mapema. Kwa hiyo ukiwa unajichunguza ngozi, vua na viatu.

Msomaji_Makini

Hapo kwenye kuungua bila kuonekana umenigusa. Kila nikitoka kuvua mabega huwa yanauma siku mbili. Sikuwahi kuita kuungua.

Mama_Mwangaza

Nawasalimu wote. Mwanangu wa pili ana ualbino, sasa ana miaka tisa. Yale mleta uzi aliyojifunza kwa miaka kumi na saba, mimi nililazimika kuyajua kwa mwezi mmoja, na naomba niongeze yanayohusu watoto kama wangu.

Kwao melanini ni kidogo sana au haipo. Jua linaloniacha mimi salama linamuunguza yeye kwa dakika chache. Saratani ya ngozi kwao inaweza kuanza ujanani kabisa, na ya kawaida zaidi ni ile inayoanza kama gamba au kidonda kisichopona usoni, sikioni, shingoni au mdomoni. Ikiwahiwa inakatwa na mtu anapona. Kila miezi michache nampeleka kukaguliwa ngozi, hata kama naona yuko sawa.

Losheni tunampaka kila siku ila si ulinzi wetu wa kwanza. Wa kwanza ni ratiba. Nilienda shuleni nikaomba gwaride na michezo yake visiwe jua likiwa la utosi, na akae mbali na dirisha linalopigwa na jua. Mwalimu wa kwanza alinijibu kwamba mtoto asidekezwe. Nilirudi mara tatu. Mwalimu wa sasa anamhamisha kiti mwenyewe jua likigeuka, hata mimi sijui namna ya kumshukuru.

Na macho jamani. Uoni wao ni hafifu na mwanga unawaumiza, kwa hiyo kofia yenye ukingo mpana na miwani ni sehemu ya sare yake.

Wenye watoto wachanga wa rangi yoyote: chini ya miezi sita, kivuli na nguo, si losheni. Ngozi yao bado nyembamba mno.

Mleta uzi

Mama, nimekusoma nikasimama kidogo. Hilo la kurudi shuleni mara tatu ndilo linalomlinda. Asante.

Dada_Rozi

Habari zenu. Naomba kuelekezwa kuhusu losheni yenyewe. Nimejaribu nyingi, zinaniacha na weupe usoni kama nimepakwa unga. Na hizi namba za SPF zina maana gani? Niliambiwa 50 ni mara mbili ya 25.

Mfamasia_Mmoja

Dada Rozi, nikujibu kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

SPF inapima kinga dhidi ya UVB tu. SPF 15 inazuia kama asilimia 93, 30 inazuia 97, na 50 inazuia 98. Unaona tofauti kati ya 30 na 50 ni ndogo. Hakuna inayozuia asilimia 100. Kwa hiyo chukua 30 au zaidi, kisha tazama kama imeandikwa inakinga pia UVA: maneno hayo, au herufi UVA ndani ya duara, au PA yenye alama za kujumlisha.

Tatizo kubwa la watu si namba, ni kiasi. Maabara wanapima kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba. Watu wengi wanapaka nusu ya hapo au chini yake, kwa hiyo SPF 50 yako inafanya kazi ya namba ndogo sana. Kwa uso na shingo, kamua mistari miwili mirefu juu ya vidole viwili, cha shahada na cha kati. Kwa mwili mzima wa mtu mzima ni vijiko saba vya chai, kama mililita 35: kimoja uso, shingo na masikio, kimoja kila mkono, kimoja kila mguu, kimoja mbele, kimoja mgongoni. Paka dakika 20 kabla ya kutoka, na urudie kila saa mbili, au mara ukitoka majini au ukijifuta jasho. Midomo usiisahau, hasa wa chini, unapokea jua moja kwa moja.

Weupe unatokana na oksidi ya zinki au titani, ambazo zinakaa juu ya ngozi. Una njia mbili. Tumia zenye vichujio vya kikemia, hizo hazionekani. Au tumia zilizotiwa rangi ya ngozi. Hizi za rangi nazipendekeza zaidi kwa dada zangu wenye mabaka meusi mashavuni, kwa sababu rangi ile ni oksidi ya chuma, na inazuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana. Kwa ngozi nyeusi mwanga huo unayakoleza mabaka, na losheni isiyo na rangi haiuzuii.

Mafuta ya nazi na mafuta ya mgando yanalainisha ngozi. Msiyahesabu kama kinga ya jua.

Sasa jambo linaloniumiza kila siku dukani. Mtu anapaka mkorogo wa kuondoa weusi, wenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi, halafu anatoka juani. Anaivua kinga aliyozaliwa nayo kwa mkono wake. Steroidi zinaikondesha ngozi mpaka mishipa inaonekana, zebaki inaharibu figo. Jua likimpiga anapata mabaka meusi kuliko aliyoanza nayo, anarudi kununua mkorogo mwingine. Nimewaona wakilia. Nawaomba sana, acheni.

Zipo pia dawa halali zinazoifanya ngozi iungue upesi: doksisaiklini, baadhi ya dawa za presha zinazokojoza kama haidroklorothiazaidi, na dawa za chunusi za jamii ya vitamini A. Usiache dawa, ila muulize aliyekupa. Hata maji ya ndimu yakibaki mikononi ukatoka juani yanaweza kutoa malengelenge na kuacha madoa meusi wiki nyingi.

Dada_Rozi

Kumbe mimi nilikuwa napaka tone moja uso mzima! Na mabaka ninayo. Ahsante sana daktari, natafuta ya rangi.

Kijana_wa_Mazoezi

Wakuu, na vitamini D je? Tukijifunika kila siku si tutaikosa?

Mfamasia_Mmoja

Mwili unatengeneza vitamini D kwa UVB, ni kweli, na ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe. Lakini mikono na miguu wazi kwa muda mfupi, mara chache kwa wiki, inawatosha watu wengi wanaoishi penye jua la kutosha. Kukaa saa tatu hakukupi zaidi, kwa sababu ikishafika kiwango fulani jua lenyewe linaivunja ile iliyotengenezwa na kuigeuza kitu kisicho na kazi. Kuota jua nyuma ya kioo nako hakusaidii, kioo kinazuia UVB na kuiacha UVA ipite. Anayeishi ndani, mzee, au anayejifunika mwili wote, apimwe damu na akipungukiwa apewe vidonge.

Fundi_Paa

Mimi ni msimamizi wa mafundi wa paa. Mmezungumzia ngozi, naomba nizungumzie joto, kwa kuwa nimewahi kumshusha kijana kwa kamba akiwa hajitambui.

Ilikuwa siku yake ya pili kazini. Hiyo ndiyo siku ya kuogopa. Mwili usiozoea unahitaji wiki moja mpaka mbili ndipo uzoee joto, ujifunze kutoa jasho mapema na kwa wingi. Sasa mtu mpya kwangu anafanya sehemu moja ya tano ya kazi siku ya kwanza, naongeza kidogo kidogo. Wengine wananiona mlegevu. Sawa.

Maji ni kikombe kila dakika 15 hadi 20, kabla ya kiu. Usinywe lita mbili kwa mkupuo ukidhani umefidia, maji mengi mno kwa haraka yanapunguza chumvi mwilini na ni hatari.

Dalili za kuchoka na joto ni jasho jingi, kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu. Mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mpe maji. Lakini mtu akianza kuongea ovyo, kuyumba kama mlevi, kugomba bila sababu au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto. Joto la mwili limepita 40. Usisubiri aache kutoa jasho, wengine jasho linatoka mpaka mwisho. Piga simu ya dharura na wakati huohuo mmwagie maji mwili mzima, mpepee, muweke barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena kama ipo. Asiyejitambua usimnyweshe kitu. Kijana wangu alipona kwa sababu palikuwa na pipa la maji chini. Tangu siku hiyo pipa linafika kabla ya ngazi.

Mleta uzi

Fundi, hili la mtu mpya nalipeleka kwa wakubwa wangu kesho. Tunapokea vibarua wapya karibu kila mradi na tunawapa kazi kamili siku ya kwanza.

Msomaji_Makini

Mleta uzi, nimerudi. Jana usiku nilifanya ulivyosema, nikavua viatu. Kwenye unyayo wa kushoto karibu na kisigino nina doa jeusi, kingo zake haziko sawa, nusu nyeusi tii, nusu kahawia. Sijui lina muda gani. Haliumi. Niliangalie kwanza?

Mfamasia_Mmoja

Hapana ndugu, usikae ukiliangalia tu. Doa lisilolingana pande zake, lenye kingo za kukatikakatika, rangi zaidi ya moja, au linalokua, ni la kuonyeshwa daktari wa ngozi. Kadhalika kidonda kilichopita wiki nne bila kupona, na mstari mweusi mpya chini ya ukucha. Mengi yanakuwa si kitu. Lakini kwa macho yako huwezi kujua, na kutouma si kipimo. Lipige picha leo pembeni ya rula, uende wiki hii.

Msomaji_Makini

Nimepiga picha. Ni milimita 8. Alhamisi naenda, mke wangu ameshaniandikia kwenye kalenda.

Mleta uzi

Tutakungoja hapa Alhamisi jioni, ndugu yangu. Muulize daktari akutazame na nyuma ya masikio.

Msomaji_Makini

Wakuu, Alhamisi imefika. Amelitazama kwa lenzi yenye taa, hakutaka kubahatisha, amekata kipande kidogo kwa ganzi. Majibu baada ya wiki mbili. Na mabega ameniambia yamechoka kwa jua, nivae shati la mikono mirefu mtumbwini. Nimeshalinunua, la buluu iliyokoza. Nililiinua kwenye taa kabla ya kulipa.